Chatu Aliyepewa Jina la Baba

...na bado anaongea, mdomo wake hauna kituo, dada tazama, dada sogeza simu nikuone vizuri, dada unamwona, ndiyo namwona, nitaachaje kumwona wakati kaujaza uso wote wa simu, chatu kabisa, chatu wa kwetu, madoa yale yale ya kahawia, ile alama ya mshale kichwani, amejikunja kwenye sanduku la kioo kama mkwe aliyefika ukweni, juu yake taa ya joto, pembeni taa nyingine ya sijui nini, bakuli la maji safi, jiwe la kulalia linalochomekwa kwenye umeme, na kipimajoto kimebandikwa kwenye kioo ili asije akasikia baridi, asije akasikia baridi! na mimi mguu wangu uko juu ya pedali ya cherehani, kola ya shati la shule iko nusu chini ya sindano, simu nimeiegemeza kwenye kopo la nyuzi, na natabasamu, maana ndivyo anavyofanya dada mkubwa mdogo wake akipiga kutoka ng'ambo, anatabasamu, "mzuri," nasema, "mzuri kweli, umempata wapi?" na yeye, "dukani dada, dukani kabisa, na risiti," dukani, na risiti, nashona mishono miwili mitatu ili nisiseme kitu, "ana cheti cha kuzaliwa, dada, ana namba yake chini ya ngozi, ukimpitishia kifaa inasoma yeye ni nani na baba yake ni nani, na kibali cha kumfuga ninacho, kila mwaka nakilipia," haya, hongera, chatu ana vitambulisho kuliko ukoo wetu mzima, "na jina lake, dada, jina lake utacheka, nimemwita Gunia."

Gunia. Sicheki. Mguu umekwama kwenye pedali na gurudumu la cherehani limesimama nusu mzunguko, Gunia, jina la baba, jina alilopewa na mtaa mzima kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila gunia begani, Mzee Gunia njoo kuna nyoka chooni, Mzee Gunia kimbia kuna kitu kwenye banda la mbuzi, usiku mchana, mvua jua, na alikuwa anakwenda, hakuwa na panga, hakuwa na fimbo, gunia tu na ule mluzi wake wa kipuuzi, na huyu mtoto sasa kampachika jina hilo nyoka wa dukani na anangoja nicheke, "nimemuenzi Mzee," anasema, kumuenzi, asante sana, baba kaenziwa, angejua, lakini hajui, kwa sababu tulikubaliana asijue, hapana, hatukukubaliana, baba aliamuru, akiwa nyuma ya wavu wa gereza, sauti imekauka, "mdogo wako asiambiwe, anasoma, ataacha kila kitu, mwambie niko shamba kwa mjomba wako, kule hakuna mtandao," na mimi nikamwambia hivyo, na yeye akaamini, mtu mzima mwenye shahada akaamini kwamba baba yake amekaa shamba mwaka na zaidi bila kupanda hata kilima kimoja apate mnara aseme na mwanawe... "dada, unanisikia? salimia wenzangu basi," na simu inageuzwa, chumba kinapita mbio, kochi, dirisha, rafu ya vitabu, kisha watu wameketi na vikombe mikononi, chama cha wafuga nyoka, hivyo ndivyo alivyoniambia wiki iliyopita, kuna chama, wanakutana, wana katibu, wana ada, na mwenyekiti ni yule mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi anayenipungia mkono, nami nampungia, wote wananipungia, nawapungia wote, na sauti ya yule jamaa wa kwetu anayekaa chumba kimoja na mdogo wangu inasema kutoka nyuma, "shikamoo dada," marahaba, simwoni, yeye ndiye kashika kamera, maana kuna kamera, kubwa, ya miguu mitatu, na taa nyekundu inawaka.

"Mzee yuko wapi?" "Anaoga." Na safari hii si uongo, anaoga kweli, nasikia maji yakimwagika bafuni nyuma ya ukuta huu huu, kata moja, kata nyingine, tangu atoke hana kazi nyingine, anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga jioni, ngozi imeanza kupauka na sabuni inaisha kabla ya chumvi, na sijamuuliza kwa nini, nani atamuuliza, siku ile aliyotoka aliniambia neno moja tu, kule maji yalikuwa ya foleni, basi, mimi najaza pipa na nanyamaza. "Akimaliza mpe simu, dada, hawa watu wamekuja kwa ajili yake, nimewaahidi, wanataka wamsikie mtu aliyekamata chatu wa porini kwa mikono yake, aeleze tu, alivyokuwa anawafuata, alivyokuwa anawatia guniani, wangapi kwa mwezi, tunarekodi kidogo, ni kwa ajili ya kampeni," kampeni gani, "kampeni ya kufungua biashara, dada, hujui? damu ya hawa wa huku imechoka, wamezaana wenyewe kwa wenyewe tangu serikali ya kwetu ifunge kuwasafirisha nje, vitoto vinazaliwa na mgongo umepinda, vingine vinatingisha vichwa tu havijui hata pa kula, wanahitaji damu mpya kutoka nyumbani, na Mzee akisema kwa mdomo wake..." kwa mdomo wake, mbele ya taa nyekundu, baba yangu aseme kwa mdomo wake kwamba alikuwa anakamata chatu, wangapi kwa mwezi, ilhali yuko kifungo cha nje, ilhali kila Jumatatu anapanga foleni mbele ya ofisa wa uangalizi, yule bwana mwenye miwani anayemsomea masharti upya kama ndiyo kwanza kaandikishwa shule, usiguse mnyamapori, usijihusishe na mnyamapori, usimsaidie wala kumshauri anayejihusisha, ukivunja moja unarudi ndani umalizie kilichobaki, nyongeza juu, na video ni video, inatembea, leo iko sebuleni kwa watu wenye vikombe, kesho iko kwenye simu ya bwana mwenye miwani, na baba atarudi kule kwenye maji ya foleni kwa sababu mwanawe alitaka kumuenzi.

Niseme nini sasa, nimwambie nini mbele ya mama mwenye nywele fupi, niwaambie mzee wenu wa sinema alifungwa? na kwa kosa gani, kosa lenyewe likisimuliwa linachekesha, hata mahakamani walicheka, muuza mayai wa nyuma ya nyumba yetu alikuja anapiga kelele na kanga iko mkononi, chatu kaingia bandani, kameza mtagaji na jogoo juu, na vijana walishafika na mapanga, mmoja na petroli, na baba akawasogeza kwa kiwiko tu, "tokeni hapo, aliyeshiba hana ugomvi na mtu," akamtia guniani, akamleta kwetu, akamweka kwenye pipa lenye matundu karibu na kuni, na kila mtu anayemjua Mzee Gunia anajua kwa nini, chatu aliyekula hasafirishwi, ukimtikisa kwenye baiskeli njia nzima anatapika alichokula na pengine anakufa, mwache asage, akimaliza mpeleke msituni, ndivyo alivyofanya miaka yote, ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na askari wa wanyamapori wakaja chatu bado ana uvimbe wa jogoo tumboni. Kumiliki nyara ya serikali bila kibali. Hakimu kamuuliza, "amekaa kwako tangu lini?" na baba, Mungu wangu, baba kanyoosha mgongo akajibu kwa fahari kama anayetoa ushahidi wa kumsaidia, "tangu Jumapili, mheshimiwa, alikuwa bado hajamaliza kusaga," na chumba kizima kikaangua kicheko, na hakimu akaandika. Angekuwa amemkatakata na panga kama wanaume wote, nani angemshtaki, nani kashawahi kushtakiwa kwa chatu wa bandani, wanapiga picha, wanamning'iniza kwenye mti, watoto wanamvuta mkia, kesho yake maisha yanaendelea, lakini wewe mtunze, mwache ashibe, hapo ndipo sheria inapokuona, tenda wema nenda zako, ndiyo, wapi nenda zako, alikwenda zake kwenye karandinga. Na yule chatu, kidhibiti cha mahakama, aliwekwa kwenye stoo ya polisi yenye paa la bati, ndani ya pipa lile lile, mchana wa jua, mpaka siku ya hukumu walipofungua ilikuwa harufu tu, hakukuwa na kipimajoto pale.

"...mwenyekiti anasema, dada, ngoja nikutafsirie, anasema wao ndio wanaowaokoa, kwa sababu huko kwetu watu wanawaua kwa mapanga, wangekuwa wameshaisha," na mama yule ananitikisia kichwa kwa huruma, ananihurumia mimi, kikombe chake kina picha ya nyoka, na mimi natikisa kichwa pia, shingo hii imezoea kuitikia, nitaipeleka fundi siku moja, nyinyi ndio mnaowaokoa, sawa, na nani aliwatoa huku wakaokoke, mimi nilikuwepo, nilikuwa msichana wa shule ya msingi na huyu wenu alikuwa bado anabebwa mgongoni mwangu, bwana wa kampuni ya kuuza nyoka nje alikuja na gari la wazi kila mwisho wa wiki na vibali vyake halali vyenye mihuri, na baba alimpa magunia, wakati huo haikuwa kosa, ilikuwa ajira, tulikula, tulivaa, na tiketi ya ndege ya huyu huyu ilitoka kwenye akiba ya magunia yale, lakini usiniambie kuhusu kuokoa, mimi ndiye niliyekuwa nafagia uani kwake wanapopakia, nimeyaona yale masanduku yaliyorudishwa kutoka uwanja wa ndege, ndege imechelewa, jua limewaka, wamelala mmoja juu ya mwingine na hakuna anayejikunja ukimgusa, nilifagia nikatapika nikafagia tena, kwa hiyo redio iliposema biashara imefungwa mimi sikulia, baba alilia, mimi sikulia, sheria ni nzuri, simbishii mtu, ila nionyeshe basi ilimshika nani, bwana wa kampuni alihamia kwenye vifaa vya ujenzi, waliokwisha vuka wakabaki huko halali, wanazaa halali, wanauzwa halali, na risiti, na huku walikozaliwa mzee mmoja kamlaza mmoja wao usingizi wa kushiba, kafungwa. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, basi sisi ndio nguruwe, tena nguruwe anayepunga mkono na kutabasamu.

"Dada?" Na sijui ni lini nimeacha kutabasamu. Mkono wangu umebaki hewani, ule niliokuwa napungia, futi ya kupimia iko shingoni, macho yako kwenye kioo cha simu, na sipepesi, sijui kwa nini sipepesi, hasira imenijaa mpaka haina pa kutokea, natazama tu, "dada? haloo? dada umeganda," anasema, na anagonga simu kwa ukucha, tok tok, "ameganda," na kwenye kona ya simu najiona mwenyewe kadogo, kweli nimeganda, ukinitazama utasema picha, na hapo hapo nawaza, bora, naam bora, acha igande, mtandao wetu si unajulikana, mtandao umetuficha mwaka na zaidi na utatuficha tena leo, nitakata, nitasema ulikatika, nitasema nguzo ilianguka, kesho nitasema baba amerudi shamba, na natulia tuli, hata pumzi naivuta kidogo kidogo kwa pua, na yeye anageuka pembeni, nusu ya uso wake imetoka kwenye picha, anamwambia yule mwenzake wa kamera kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua hasikiwi, "ndivyo kwetu kulivyo, ngoja, utarudi," na mwenzake, "lakini Mzee ataweza kuongea kweli? si ametoka jela juzi tu?" na mdogo wangu, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, anasema, "ataongea, huyo anapenda habari za nyoka. Ila usithubutu kumgusia jela. Hawajui kama najua."

Sipepesi. "Kwani ulijua lini?" mwenzake anauliza. "Wiki ile ile aliyokamatwa, binamu aliniandikia." "Na hukuwaambia?" Nasikia kijiko kwenye kikombe cha mtu, nasikia maji ya baba, kata moja, na mdogo wangu anasema taratibu, tena bila ubaya, hilo ndilo linaloniua, bila ubaya wowote, kama anayesema mvua itanyesha, "ningewaambia najua ningetakiwa kurudi. Mtu akijua, anatakiwa kurudi."

Wiki ile ile. Wiki ile ile nilikuwa nalala kwenye benchi la kituo cha polisi na chakula cha baba kwenye mkoba, yeye anajua, na mwezi uliofuata anapiga, "Mzee hajambo huko shamba?" kwa sauti nyororo, na mimi, mimi mjinga, nachagua maneno nisije nikakosea, hajambo, mahindi yamestawi, mjomba anaumwa mguu, kuna mbuzi kazaa, na yeye, anajua! "kazaa wangapi?" pacha, "wa rangi gani?" mmoja mweusi mmoja ana baka, nikamtungia mpaka rangi, na mwezi mwingine kawaulizia, vile vitoto vya mbuzi vimekua? vimekua, nikawakuza, nikauza mmoja, nikamwambia yule mwenye baka kaumwa tumbo nikamtibu, nikikata simu nakaa hapa hapa kwenye cherehani naona aibu ya kumdanganya mtoto wa mama yangu, na kule yeye anakata simu anamlisha nyoka wake. Alikuwa ananisaidia kudanganya au alikuwa ananicheza, sijui, na pengine hata yeye hajui, na haijalishi, anayeulizia mbuzi asiyekuwepo hana tofauti na anayemfuga, tulikuwa wawili tunalisha hewa, tena kwa bidii. Na mwanasheria niliyeshindwa kumlipa, na zile safari za magereza na miguu imevimba, na usiku nilioomba Mungu huyu asijue, asipate hata fununu, nilikuwa namfunika mtu aliyekuwa amejifunika mwenyewe gubigubi na anachungulia. Hakuwa mjinga. Nilikuwa namkasirikia kwa ujinga, miezi yote hii namkasirikia kwa kuamini habari ya mjomba na mtandao, na sasa natamani angekuwa mjinga, nirudishieni yule mjinga wangu.

Na baba. Baba kila nikienda kumwona, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza sabuni, mdomo kwenye wavu, "hajajua?" na mimi, "hajajua, baba," na mabega yake yanashuka, anapumua, anatabasamu lile tabasamu la meno yaliyobaki, hajajua, hiyo ndiyo nguo pekee waliyomwachia kule ndani, kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake yeye bado ni Mzee Gunia na si mfungwa, na nguo yenyewe haikuwepo, alikuwa uchi muda wote mbele ya mwanawe, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia kavaa. Kwa hiyo nikifoka sasa, nikimpigia huyu ukelele ninaotaka kumpigia, wa kuvunja vikombe vyao vyote, ukuta huu ni wa matofali ya upana mmoja, baba atasikia, na nikinyamaza, atatoka na taulo mabegani, atapewa simu, atamwona chatu kwenye kioo, na najua atakachofanya, macho yatawaka, ataanza kusimulia, hakuna atakayemzuia, wangapi kwa mwezi, na taa nyekundu inawaka, na Jumatatu... Mwaka na zaidi nimechagua kati ya hawa wawili nani nimfiche nani, kila mmoja nimemtengea chumba chake cha uongo nikifagie, nikipige deki, na kumbe vyumba vyenyewe mlango wa nyuma uko wazi, wanapita, mmoja hataki kurudi, mwingine hataki kuonekana, na mimi ndiye mlinzi, nimesimama mlangoni na funguo za nyumba isiyo na ukuta. Yule wa kwenye kona ya simu, yule mwanamke mdogo mwenye futi shingoni na mkono hewani, namtazama, hajapepesa, mdomo umefumbwa vizuri, umekunjwa kama pindo, na nasema moyoni, mwanamke wewe, umemfumbia nani mdomo huo, nani kakutuma, nani kakulipa hata asante.

Maji yameacha kumwagika. Ndala zinaburuzwa kwenye sakafu ya ukumbini, moja, nyingine, na kikohozi kile alichokuja nacho kutoka ndani, na kwenye simu mdogo wangu amerudi usoni pangu, mkubwa, ana mwanga wa taa ya nyoka shavuni, anatabasamu lile tabasamu zuri ambalo sote wawili tumerithi kwa mama, "dada, dada, naona bado umeganda, kama unanisikia usikate, sisi tunangoja," na nyuma yake mama mwenye nywele fupi anapunga mkono tena, na kola ya shati bado iko nusu chini ya sindano, na baba anauliza kutoka ukumbini, "nani huyo kwenye simu?" na mimi sijasogea, sijapepesa, lakini si mtandao, na si hofu tena, natafuta tu nianze na yupi.